Mshono wa Ndege Isiyopata Kuruka

Nusu saa nzima Mzee alikuwa hajakata kitu. Mbele yake, juu ya meza iliyokuwa zamani ya kukatia vitambaa, palikuwa na bomba la plastiki nyeupe lenye urefu wa shubiri moja na nusu hivi: bodi ya ndege ya Vickers Super VC10 kwa kipimo cha 1:144, pande zake mbili zimekwisha gandishwa. Alikuwa amelituliza juu ya kibao kilichonyooka kwa udongo wa kuchezea watoto. Kando yake akasimamisha kijibao kingine kidogo, akakifunga penseli kwa mpira, ncha yake ikigusa bomba. Kisha akakisogeza kile kijibao polepole, kutoka puani hadi mkiani na kurudi kwa upande wa pili, penseli ikiacha mstari mmoja usiopanda wala kushuka.

"Waujua mstari huu?" aliniuliza. "Ni pindo la sketi."

Ilinichukua muda kuelewa. Mzee ameshona nguo kwa zaidi ya miaka arobaini, kwanza Mombasa, halafu hapa Leicester, mji ambao viwanda vyake vya nguo vililisha familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki. Fundi anayejua kazi hapimi pindo la sketi kuanzia kiunoni, maana nyonga hudanganya. Rula husimama sakafuni, na mvaaji ndiye anayezungushwa. Bodi ya ndege nayo haina ukingo wa kuegemeza rula: kati yake ni mviringo, puani na mkiani ni nyonga tupu. Kwa hiyo sakafu ndiyo iliyopimiwa, na ndege ikavaa sketi.

Jioni ile nilikuwa nimekwenda kumjulia hali tu. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na zile za baadaye, kwa miezi mitano.

Mzee hujenga ndege ambazo hazikuwahi kuwepo. Huzichonga kutokana na masalio ya ndege zilizokuwepo, yaani vipande vya seti za plastiki zinazouzwa dukani zikiwa zimepangwa ndani ya boksi, kila kipande kimeshikana na fremu yake kama ndizi kwenye chane. Mwenye kufuata maelekezo hubandika namba 1 na namba 2, akamaliza na Spitfire kama ile iliyochorwa juu ya boksi. Lakini seti nyingi huja na ziada: propela ya aina ya pili, pua ya toleo jingine, mizinga isiyohitajika. Wengi huzitupa. Wengine huziweka, kama fundi cherehani anavyoweka vipande vya kitambaa chini ya meza, akijua siku moja kola itapungua. Mzee ana mikebe kumi na minne ya biskuti. Mmoja una magurudumu tu. Mwingine umeandikwa kwa kalamu nzito: MIKIA.

Wapenzi wa kazi hii wako zaidi Uingereza, Marekani, Japani na Ulaya, huko ambako seti hizi zimekuwa mchezo wa vizazi tangu kampuni ya Airfix ilipotoa Spitfire yake ya kwanza katika miaka ya 1950. Wanazo njia zao na ushabiki wao. Sehemu kubwa ya wanaojenga ndege za "ingekuwaje" huzama katika swali moja: ingekuwaje kama vita vya Ujerumani vingeendelea hadi 1946? Hapo hutoka ndege nyeusi zenye mabawa ya ajabu na misalaba mikubwa. Sina hamu nazo. Fundi wa ndege hizo anaweza kuwa hodari, lakini swali limechakaa, na mara nyingi ujasiri wa umbo huficha uvivu wa fikra: hakuna aliyejiuliza mafuta yangekaa wapi.

Swali la Mzee lilikuwa la upande wetu. Shirika la East African Airways lilizaliwa mwaka 1946 na likafa mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolimiliki. Katika uhai wake lilinunua Super VC10 tano, ya kwanza ikifika mwaka 1966. Ndege hiyo ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo chetu. Waingereza waliibuni wakifikiria viwanja vya Afrika na Asia, vyenye joto na vilivyo juu kama Nairobi, ambako hewa nyepesi hulegeza bawa na kupunguza nguvu za injini. Ndiyo maana injini zote nne ziliwekwa mkiani: bawa likabaki safi, ukingo wake wote ukaachiwa zile sehemu zinazofunguka kuongeza nguvu ya kuinua. Zilijengwa VC10 hamsini na nne tu. Katikati ya miaka ya 1960 waliokuwa wakiijenga walichora hata toleo la ghorofa mbili, lakini mchoro ukabaki mchoro.

Basi Mzee akauliza: ingekuwaje kama Jumuiya isingevunjika, na ile ndege ya ghorofa ikajengwa, na shirika letu likainunua?

Nilimwuliza kama hilo ni swali la siasa. Akanitazama juu ya miwani. "Ni swali la mabomba mawili," alisema. "Haya, shika hapa."

Alikuwa na seti mbili za Super VC10. Bodi moja ingekatwa robo ya juu, ya pili ikatwe robo ya chini, halafu zipandishwe moja juu ya nyingine, ukizitazama kwa mbele ziwe kama namba 8 iliyobanwa. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mkono ni msumeno mwembamba kama wembe, unaovutwa na wala hausukumwi, kwa sababu ukiusukuma hujikunja. Alikata kwa siku mbili. Hakukata juu ya mstari wa penseli bali pembeni yake, upande wa kutupwa, akaacha kiasi cha nusu milimita cha kumalizia kwa msasa. Fundi nguo naye huacha hivyo hivyo pembeni ya mshono.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mkono ulioharibu ulikuwa wangu. Aliniachia nimalizie sentimita chache za mwisho za bomba la pili, kwa heshima nadhani kuliko kwa haja. Nikaharakisha. Msumeno ukaruka ukachana hadi katika safu ya madirisha, jeraha la urefu wa ukucha. Mzee hakusema neno. Alichukua gundi yenye maji, ile isiyobandika bali huyeyusha plastiki ya pande zote mbili hadi ziwe kitu kimoja, akagusisha ncha ya brashi kwenye ufa. Gundi ikatambaa yenyewe ndani, kama maji ndani ya utambi. Akabana kwa vidole, akahesabu hadi sitini kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Kesho kutwa," alisema. "Leo haijui bado kama imepona."

Kosa kubwa zaidi halikuwa langu. Bomba likishakatwa si bomba tena. Mviringo hushikilia umbo kwa sababu kila sehemu hukaza mwenzake, na ukitoa robo yake kingo hulegea, zikaingia ndani upande mmoja na kutoka upande mwingine. Tulipozipandisha zile bodi mbili kwa mara ya kwanza, zilipishana katikati kwa milimita moja. Nikasema milimita moja si kitu. Mzee akaniomba nizidishe kwa 144. Ni sentimita 14 na ushei. Katika ndege yenyewe hiyo ingekuwa ngazi ya kukwaza mtu mzima, ikikimbia ubavuni tangu mlango wa mbele hadi kwenye injini.

Dawa aliitoa kwenye cherehani. Koti zuri halisimami kwa kitambaa chake. Ndani ya kifua kuna kanvasi, iliyoshonwa kwa mkono kwa mishono mikubwa isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayolipa koti kifua hata likivaliwa na mtu asiyenacho. Akakata mbavu kumi na mbili kutoka karatasi ngumu ya plastiki, kila moja yenye umbo la 8, akazipanga ndani kila baada ya sentimita mbili na nusu. Bodi zikatii. Nilipomwambia kwamba ndege halisi nazo zina mbavu kama hizo, alionekana kuchoka na mimi kidogo. Alijua. Alikuwa ameziweka mahali ambapo zingekuwa.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na kazi yote ya Mzee ni kuirefusha. Kila hatua anayoirefusha anailipia kwa ukweli. Mtu anaweza kubandika mabawa sita na mizinga ishirini, na hakuna wa kumzuia. Lakini jicho la mtazamaji, hata asiyejua ndege, hukataa. Hajui kwa nini limekataa. Ndege ya Mzee haina ruhusa ya kukataliwa, kwa hiyo ina sheria kali kuliko seti ya dukani, ambako aliyetengeneza boksi amekwisha kukufikiria kila kitu.

Chukua madirisha. Ghorofa mbili zina safu mbili, na mimi ningezipishanisha kwa urembo, kama matofali. Mzee alizipanga wima, dirisha juu ya dirisha, kwa sababu zile mbavu huenda moja kwa moja kutoka tumboni hadi mgongoni, na hakuna mhandisi wa kukata ubavu mara mbili bila sababu. Chukua milango. Abiria wote wa ndege kubwa lazima waweze kutoka kwa sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango yake, kwa hiyo ghorofa ya juu ikapata milango yake minne, na chini ya kila mmoja kijisanduku chembamba cha kuwekea mtelezo wa mpira. Ni mstatili uliochongwa kwa ncha ya sindano, wenye ukubwa wa punje ya mchele. Chukua uzito. Ndege iliyonenepa haikanyagi kwa miguu ile ile, naye akakumbuka kwamba DC-10 ya masafa marefu iliongezewa mguu wa tatu tumboni. Akaenda kwenye mkebe wa magurudumu, na mguu wa DC-10 ulikuwemo, umengojea miaka.

Kabla ya kuubandika tulisafiri hadi Duxford, karibu na Cambridge, ambako Super VC10 moja ya shirika la Uingereza la BOAC imehifadhiwa na mtu anaweza kusimama chini yake. Mimi nilitegemea apige picha. Alikaa dakika arobaini akitazama jinsi mpira unavyobonyea pale unapogusa sakafu. Tuliporudi alisugua kila gurudumu upande wa chini, pasi mbili za msasa, basi. Ndege ikapata uzito papo hapo. Sijui njia nyingine ya kulieleza jambo hilo: kabla ya pasi zile ilikuwa imewekwa mezani, baada yake ilikuwa imetua.

Injini ndizo zilizonifunga mdomo. Ghorofa ya pili inataka nguvu zaidi, na zile nne za asili aina ya Conway zisingetosha. Mzee akatoa injini mbili nene za Rolls-Royce RB211, masalio ya seti ya TriStar iliyopotea mabawa, akaziweka moja kila upande wa mkia. Nikadhani safari hii mzee kapitiliza. Akanyanyuka, akarudi na picha iliyokatwa gazetini: VC10 halisi, upande mmoja ina Conway mbili kama kawaida, upande wa pili imebeba RB211 moja pana kama pipa. Rolls-Royce waliifanyia majaribio injini hiyo hivyo hivyo, kuanzia Machi 1970. Ile ndege ya kweli ilionekana ya uongo kuliko ya Mzee.

Na hiyo si ya peke yake. Mwaka 1941 huko China, DC-3 ya shirika la CNAC ilipigwa mabomu na Wajapani ikiwa chini, bawa lake moja likaangamia. Bawa la DC-3 halikupatikana. Lililopatikana ni la mtangulizi wake, DC-2, huko Hong Kong. Wakalifunga chini ya tumbo la ndege nyingine, wakalisafirisha, wakalipachika. Lilikuwa fupi kuliko la upande wa pili kwa karibu mita moja na nusu. Ndege ikaruka, na watu wakaibatiza DC-2½. Wajerumani nao, Agosti 1944, walirusha Ju 287 ya kwanza yenye bodi ya Heinkel 177, mkia wa Ju 388, magurudumu makubwa ya Ju 352, na yale ya mbele yaliyochukuliwa kwenye mabaki ya Liberator za Marekani zilizoanguka. Mtu akiileta ndege hiyo kwenye maonyesho ya wajenzi wa plastiki bila kutaja jina, wataicheka. Kiraka ni cha zamani kama nguo.

Baada ya injini kulikuja wiki za puti na msasa, ambazo kwa mtazamaji hazina tukio. Pale bodi mbili zinapokutana, hasa puani, ambako ya juu inaanza nyuma ya chumba cha rubani na lazima ishuke kwa mteremko, kulikuwa na bonde la kujaza. Mgeni hujaza mara moja. Puti nene hukauka juu kwanza, ikanywea ndani, na baada ya mwezi ufa unatokea chini ya rangi uliyoisifu. Mzee alipaka kama siagi ya mtu bahili, akangoja siku, akasugua kwa maji, akapaka tena. Msasa ulianza namba 400, ukapanda hadi 2000, ule ambao ukiugusa unadhani ni karatasi ya kawaida. Kati ya pasi moja na nyingine alifumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya mshono. Macho, alisema, huona anachotaka mtu. Kidole gumba hakijui unataka nini.

Kisha praima ya kijivu. Rangi hiyo haina urafiki. Mikwaruzo, vishimo, alama ya kidole changu kwenye ubavu wa kushoto ambayo nilikuwa nimeisahau, vyote vilijitokeza kama madoa ya jasho kwenye kanzu. Aliinua ndege dirishani, akaiinamisha, akatazama mwanga ukitembea kutoka puani. Ulitembea, ukateleza, ukafika mteremko, ukasita. Akaishusha. Akachukua namba 600. Mara tano nilimwona akifanya hivyo, na kila mara nilidhani imekwisha. Mara ya sita mwanga ulipita bila kusita.

Katika nguo, alinieleza siku ile akiwa na furaha ya kunisimulia, kuna mshono wa kuonekana na mshono wa kufichwa, na fundi mbovu ni yule asiyejua anashona upi. Hapa ulitakiwa wa kufichwa. Lakini alipomaliza alichukua sindano na kuchonga upya mistari ya maungio ya bati, midogo, juu ya ule ule mshono aliokuwa ameufuta kwa wiki nne. Alifuta mshono wa plastiki akauweka wa kiwanda.

Kulikuwa na jambo moja la uzani. Mguu wa mbele wa ndege yenye injini mkiani una tabia ya kunyanyuka, na ndege ikakaa kitako kama mbwa. Alilijua tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kabla ya kufunga pua alijaza chubwi za kuvulia samaki, sita, zilizogandishwa kwa gundi nzito. Nilimwuliza amezitoa wapi Leicester, bahari iko mbali. Akasema amekuja nazo.

Rangi ilipulizwa kwa hewa, pazia baada ya pazia. Mwishoni zikabaki herufi. Anazichapa mwenyewe kwenye karatasi ya stika za maji: unaloweka, unangoja, herufi inaachia karatasi na kuelea, unaibeba kwa brashi yenye unyevu na kuilaza mahali pake. Namba za usajili zilimpa shida kuliko bawa. Zile tano za East African Airways ziligawanywa kwa nchi: 5X za Uganda mbili, 5H za Tanzania mbili, 5Y ya Kenya moja. Ndege mpya, aliamua, ingesajiliwa Kenya, ili hesabu ikae sawa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Shirika la nchi tatu, alisema, lisingenusurika bila mtu wa kuhesabu hivyo.

Nilimkumbusha zilikoishia zile za kweli. Moja ilianguka Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kufa, zikageuzwa kuwa za kujaza mafuta angani katika jeshi la anga la huko, na kwa jumla zikaruka miaka mingi kuliko shirika lenyewe. Safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, Septemba 2013, ilikuwa ya ndege yenye namba ZA147, ambayo ujanani iliitwa 5H-MMT. Mzee alikuwa akilaza herufi ya Y. Hakuinua kichwa. "Najua," alisema. "Iliuzwa ikashonwa upya."

Jumamosi ya mwisho niliikuta ndege imesimama juu ya kibao chake, nembo ya simba puani, ghorofa mbili za madirisha, mguu wa tatu tumboni, bila maandishi yoyote ya kuieleza. Nilitegemea tukae tuitazame. Lakini Mzee alikuwa amekwisha kuipa mgongo. Mbele yake palikuwa na vile vipande vilivyobaki siku ya kukata: robo ya juu ya bomba moja na robo ya chini ya jingine. Alikuwa ameviweka uso kwa uso, vikatengeneza bodi nyembamba, bapa, kama samaki wa changu aliyelazwa. Alipima kimo kwa rula.

"Milimita kumi na tatu," alisema.

Nikazidisha. "Hiyo haifiki mita mbili, Mzee. Ukitoa sakafu, abiria watakaa wamekunja magoti mpaka kidevuni."

Aliigeuza kwenye mwanga, akafikiri.

"Maua ya Naivasha hayana magoti," alisema, akachukua penseli.